Somo: Kupata wateja wa madirisha na milango ya chuma Lubumbashi, na kuwafuata hadi avansi (malipo ya kwanza)

Anayepita kwenye atelye kuuliza bei mara nyingi hununua kweli, ila kwa fundi aliyempigia simu wiki ambayo pesa imeingia.

1. Tembea shantiye, pale watu wanapojenga. Chagua kartie moja kwa asubuhi moja, hasa pembeni mwa mji, komine ya Annexe. Angalia ukuta. Kama ni msingi tu, andika avenue na urudi baada ya miezi. Ukuta ukifika lento, ile boriti ya juu ya madirisha, ndiyo saa yako: matundu yanapimika na pesa haijaisha kwenye mabati. Kama paa liko juu na matundu yamezibwa kwa mbao, muulize mlinzi kazi ilisimama lini. Kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndipo ujenzi unakimbia. Usingoje mvua za Novemba.

2. Namba ya mwenye nyumba iombe kwa fundi mwashi. Mwahidi komisyo, mkubaliane kiasi mapema.

3. Kaye, daftari la wateja. Tarehe, jina, simu, avenue, hatua ya jengo, idadi ya matundu, nani alimleta, alisema nini, tarehe ya kumrudia. Safu hii ya mwisho isibaki tupu hata siku moja. Fungua kaye kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

4. Kipimo na devi, karatasi ya bei. Bei ya kwenye simu bila kipimo inakuumiza: ukitaja ndogo utabishana baadaye, ukitaja kubwa hakuiti tena. Pima upana juu, katikati na chini, urefu vilevile mara tatu. Shika kipimo kidogo kuliko vyote, toa sentimita 1. Devi itoke ndani ya saa 24: unene wa chuma, rangi ya kuzuia kutu, usafiri, kufunga. Iwe ya siku 7, maana bei ya chuma haitulii. Avansi itoshe kununua chuma chote.

5. Kumfuata. Siku ya 2, uliza kama devi imeeleweka. Siku ya 6, kumbusha kwamba kesho muda wake unaisha. Kisha mwisho wa mwezi. Wengi wanajenga kwa mshahara wa migodi, wako Kolwezi au Likasi, na "nitaona" yao ni pesa ambayo bado haijafika. Uliza: "Papa, nikupigie tarehe gani?" Andika tarehe aliyoitaja mwenyewe, upige siku hiyohiyo. Asipojibu mara tatu, mwache miezi miwili.

MASWALI

Yaya, mteja anasoma WhatsApp lakini hajibu. Nimtumie tena?
Usimwandikie "umeona?". Piga simu jioni, akishatoka kazini. Ukiandika, mpelekee kitu kipya: picha ya mlango uliofungwa kartie yake, wenye kipimo karibu na chake.

Fundi mwashi anataka komisyo kabla.
Hapana. Mlipe siku avansi inapoingia, saa ileile, bila kumzungusha. Ukimchelewesha mara moja, shantiye inayofuata atampa mwingine.

Natuma tangazo kwa orodha ya watu 200, wachache tu wanalipata. Kwa nini?
Tangazo la orodha ya WhatsApp linamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Mama, unapopima, mwombe mteja akuhifadhi palepale, na jina lako liende na kazi: "Mama Madirisha", kwa mfano. Halafu mpigie ukiwa bado umesimama mbele yake, uone jina linatokea.