Kuzuia kingo za nguzo zisifunikane katika grafu ya nguzo pacha kwa Python

Tutachora idadi ya watu, kwa mamilioni, kutoka sensa mbili za Tanzania (2012 na 2022), Kenya (2009 na 2019) na Uganda (2014 na 2024). Kila nchi ina nguzo mbili zilizoshikana, zenye kingo nene na zisizojazwa rangi. Zinapokutana, ukingo wa nguzo ya pili huufunika kabisa ule wa kwanza.

Chanzo ni kwamba Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, huulaza mstari wa ukingo juu ya mpaka wa nguzo, nusu ya unene ikiangukia ndani na nusu nje. Unene huo hupimwa kwa pointi, yaani 1/72 ya inchi, ilhali upana wa nguzo hufuata vipimo vya mhimili. Kwa hiyo pengo linalotosha kwenye picha kubwa hutoweka picha ikipunguzwa, na ndiyo maana sipendekezi kupunguza upana kwa kukisia. Tena nusu ile ya nje hupandisha kilele cha nguzo juu ya thamani yake halisi, jambo ambalo mchoraji wa takwimu hapaswi kulivumilia.

Hatua ya 1. Chora nguzo kwa unene maradufu ya ule unaoutaka. Hapa nataka pointi 3, hivyo naandika 6.

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

x = np.arange(3)
w = 0.4
data = [("Sensa ya awali", [44.9, 38.6, 34.6], "navy"),
        ("Sensa ya karibuni", [61.7, 47.6, 45.9], "darkorange")]
fig, ax = plt.subplots()
for i, (jina, idadi, rangi) in enumerate(data):
    ax.bar(x + (i - 0.5) * w, idadi, w, label=jina,
           facecolor="none", edgecolor=rangi, linewidth=6)
ax.set_xticks(x, ["Tanzania", "Kenya", "Uganda"])
```

Hatua ya 2. Amuru kila nguzo ikatwe kwa umbo lake yenyewe, ili nusu ya nje isionekane.

```
for p in ax.patches:
    p.set_clip_path(p.get_path(), p.get_transform())
ax.legend()
plt.show()
```

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, niliandika p.set_clip_path(p) kwa ufupi, na kingo zikakaa sawa. Lakini nilipoweka set_ylim(0, 50), yaani mhimili wima uishie 50, nguzo ya Tanzania ilitoka nje ya fremu. Kwa nini?

Jibu: Ndugu, ukiipa amri hiyo mstatili wenyewe, mpaka wa kukatia uliowekwa na fremu hufutwa na nafasi yake huchukuliwa na mpaka wa nguzo. Ukiipa njia (path, yaani umbo la nguzo) pamoja na transform (kigeuzi cha vipimo vyake kuwa nafasi kwenye picha), kama nilivyoandika, mipaka yote miwili hufanya kazi kwa pamoja.

Swali: Mbona visanduku vya ufunguo wa grafu vina kingo nene kuliko nguzo zenyewe?

Jibu: Ufunguo hunakili unene wa 6, lakini hauchukui ukataji. Baada ya ax.legend() ongeza mistari hii:

```
for h in ax.get_legend().get_patches():
    h.set_linewidth(3)
```

Swali: Je, mbinu hii inafaa kwa grafu iliyochorwa na pandas, maktaba ya Python ya majedwali ya data?

Jibu: Inafaa. Amri df.plot.bar(), ambapo df ni jedwali lako, hurudisha ax, nawe utaendelea na Hatua ya 2 bila kubadili chochote, mradi uwe umeweka linewidth maradufu ndani ya amri hiyo.