Unataka 4x4 ya mtumba ya kwenda nayo porini na hela ni ya mawazo? Anza kuangalia chini ya gari

Watu wengi wakienda kuangalia 4x4 ya mtumba wanazunguka bodi, wanakaa ndani, wanawasha redio, wanapiga teke tairi moja alafu wanaanza kubishana bei. Kwa gari ya kwendea kazini sawa, ila gari ya kuingiza kwenye mawe na tope vitu vyake vinavyokula hela vyote vimekaa chini, na muuzaji anajua kabisa kwamba huna mpango wa kulala chini na nguo zako safi. Kwaiyo nenda na nguo za kuchafuka, tochi, kitambaa, nyundo ndogo na spana ya kufungulia bolti za difu, lile tufe la gia katikati ya eksili. Muuzaji akianza kununa ukilala chini ya gari, hapo ushajua kitu.

Kabla hata ya matangazo, gawa hela yako. Kama una kumi tafuta gari ya saba, ile tatu inayobaki sio ya snokeli (lile bomba la kuvutia hewa juu) na mataa ya juu, ni ya tairi, oili zote, beringi, bushi, na kile kitu ambacho lazima kijitokeze baada ya wiki mbili tatu. Anayemaliza hela yote kwenye kununua ndo yule unamkuta gari imepaki nyumbani miezi inasubiri spea.

Sasa gari gani. Kitu cha kwanza hakikisha ina 4L, ile gia nzito. Kuna gari nyingi zimeandikwa 4WD kwa nyuma, RAV4, CR-V, X-Trail na wenzake, zinasukuma magurudumu yote kweli na kwenye barabara ya vumbi au utelezi mdogo ziko vizuri tu, ila hazina gia nzito. Gia nzito inapunguza mwendo na kuongeza nguvu kwenye magurudumu, gari nyingi ni kama mara 2 mpaka mara 2.7 hivi, Wrangler Rubicon inafika mara 4. Maana yake unapanda jiwe taratibu bila kuunguza klachi, na ukishuka mteremko mkali injini yenyewe inakushika bila kung'ang'ania breki. Kama gari haina hiyo, usinunue kwa ajili ya porini hata wakupunguzie nusu bei.

Cha pili, uangalie mfumo wake. Kuna ya kuweka na kutoa, unatembelea magurudumu mawili alafu ukifika kwenye udongo unapiga 4H, yaani magurudumu yote manne kwa gia ya kawaida, kwa mfano Patrol, Jimny, Hilux nyingi. Hizi ni rahisi na hazina mambo mengi, ila usitembee nazo 4H kwenye lami kavu kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa ukikata kona, na kwa vile hakuna difu ya katikati ya kulainisha hiyo tofauti basi mzigo wote unabaki kwenye shafti na gia. Ya pili ni ile ya muda wote, kama Prado na Discovery, ina difu ya katikati, na hapo lazima uhakikishe loki ya hiyo difu inafanya kazi, bila loki gurudumu moja likining'inia hewani au likizunguka bure kwenye tope unasimama. Pajero kuanzia ile ya 1991 yenye Super Select inakupa zote mbili, kwangu ule ni mfumo mtamu sana na watu wanaudharau.

Kwa hela ndogo kabisa mi ningeanza na Jimny ya 1998 mpaka 2018. Ina chesi ya kweli, eksili za chuma kizima mbele na nyuma, uzito wake ni kama tani moja na kidogo tu, na uzito mdogo porini ni mali, inapita pale ambapo gari ya tani mbili na nusu inazama. Ubaya wake ni ndogo, injini ya 1.3 haina haraka, na ukiweka watu wanne mizigo inabidi mbebe kichwani. Grand Vitara ya kuanzia 2005 ni nafuu na ina starehe zaidi, ila angalia moja moja, sio zote zina gia nzito. Ukipanda juu kidogo kuna Pajero za zamani, Hilux, Surf, Prado ya 90, Patrol ya Y60 na Y61, Cherokee ile ya boksi yenye injini ya 4.0. Discovery utaiona bei imeshuka sana na inavutia, na kwenye mawe inaenda kweli, ila uliza kwanza fundi wako kama anaijua, na ile Discovery 2 ukiangalia chesi ya nyuma uwe makini maana inapenda kuoza pale.

Jina kubwa lisikutie upofu. Land Cruiser kila mtu anaitaka kwaiyo bei yake inabaki juu hata ikiwa imechoka, unaweza kukuta kwa hela ileile unapata Land Cruiser iliyokufa nusu au Pajero nzima. Chukua nzima. Kinachoamua zaidi ni je, spea zinapatikana unapoishi na kuna fundi anayeifungua bila kubahatisha.

Haya, lala chini sasa. Anza na chesi, anzia nyuma kwenda mbele. Kutu ya juu juu, ile ya rangi ya machungwa ukifuta na kitambaa inatoka, haina shida. Unayotafuta ni ile inayobanduka kwa tabaka. Gonga gonga na nyundo taratibu, hasa juu ya eksili ya nyuma, pale springi na shokabu zinapofungwa, na sehemu chesi inapopinda, maana tope linakaa humo miaka. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na wakati mwingine nyundo inaingia. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya inang'aa, shtuka, gari ya miaka ishirini haina sababu ya kuwa safi hivo chini isipokuwa kuna kitu kinafichwa. Angalia pia kama kuna sehemu imechomelewa, pale boksi ya usukani inapofungwa kwenye chesi panapenda kupasuka kwenye gari zilizopigishwa mawe na tairi kubwa. Mikwaruzo kwenye bamba la kulinda injini ni kawaida, ndo kazi yake. Bolti na beringi zinabadilishwa ila chesi ikioza wewe ondoka tu, usikae kupunguziwa bei.

Ukiwa hapo hapo chini omba ruhusa ufungue bolti ya juu ya difu, ile ya kujazia oili. Chovya kidole kidogo. Oili nzuri ni nyeusi au kahawia na inateleza, ukikuta rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, gari imevushwa mto na hakuna aliyebadilisha oili baadae, na beringi za ndani zishaanza kuliwa. Sugua hiyo oili kati ya vidole viwili. Unga laini wa kijivu ni kuchakaa kwa kawaida, vipande unavyovisikia vinakwaruza ni jino la gia linaondoka. Fanya hivo difu ya mbele, ya nyuma, na transfa, ile gia boksi ndogo ya kugawia nguvu. Alafu shika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, uizungushe kwa mkono huku na huku, kakucheza kadogo sio neno, ikigonga tak tak basi krosi, zile jointi za kwenye ncha zake, zimekwisha. Angalia raba za CV, zile jointi za shafti za magurudumu ya mbele, kama zimechanika na grisi imerukia kwenye rimu kwa ndani. Kwenye gari zenye eksili nzima mbele, kama Patrol na Jimny, kuna lile tufe nyuma ya gurudumu, likiwa limelowa mchanganyiko wa oili na grisi inayodondoka basi sili ya ndani imekufa. Sili yenyewe bei ndogo, kazi ya kuibadilisha ndo ndefu, tumia hiyo kushusha bei.

Ukipata jeki inua gurudumu la mbele, shika juu na chini ulitikise, alafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini ni beringi au bol joint, kushoto kulia ni tairodi, ile fimbo ya usukani.

Kuendesha. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto uliza kwa nini. Injini ya baridi haidanganyi, hasa dizeli, ikisumbua kuwaka asubuhi hapo unaona. Moshi wa bluu inakula oili, mweusi mwingi ni mafuta hayaungui vizuri, mweupe usioisha hata injini ikishapata moto inaweza kuwa nozeli au inakunywa maji. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma taratibu, pumzi kidogo ni kawaida kwa dizeli ya zamani, ila ikipuliza mfululizo kwa nguvu mpaka inarusha matone ya oili ringi zimechoka. Rejeta unaifungua ikiwa ya baridi tu, usijiunguze, unatafuta mafuta yanayoelea na kutu. Zile injini za 1KZ-TE kwenye Prado na Surf hedi zake zinapenda kupasuka zikipata moto kupita kiasi, na ZD30 za mwanzo za Nissan zina sifa mbaya ya kutoboa pistoni, sio kwamba usinunue, ila hapo unataka ushahidi wa matunzo sio maneno ya muuzaji. Mimi kwa bajeti ndogo napenda dizeli ya zamani isiyo na umeme mwingi, kama 1HZ ya Toyota au TD42 ya Nissan, nzito na haikimbii lakini inavumilia. Ukizikosa, petroli ya kawaida ni bora kuliko dizeli ya kisasa iliyochoka, nozeli zake hizo mpya zinaweza kula ile akiba yako yote mara moja.

Gari ya otomatiki isikutishe, porini kwa anayeanza ni rahisi kuliko manyuo. Vuta stiki ya oili ya gia boksi, iwe nyekundu, ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua hapana, na ikiwa ya pinki yenye povu maji ya rejeta yameingia humo, kimbia. Ya manyuo piga handbreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu, injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma tu, klachi imekwisha.

Alafu jaribio ambalo hawalifanyi na ndo la muhimu kuliko yote. Tafuta udongo au changarawe, kama loki za magurudumu ya mbele ni za mkono shuka uzifunge, piga 4H, taa iwake bila kupepesa, kata usukani mpaka mwisho utembee taratibu. Kwenye ile ya kuweka na kutoa utasikia gari inazuia zuia, hiyo ni dalili nzuri, magurudumu ya mbele yanavuta. Ikigeuka laini kama kawaida basi mbele hakuna kitu. Sikiliza pia mlio wa tik tik tik ukikata kona, hiyo ni CV. Simama, weka N, ingiza 4L, achia itambae yenyewe, panda kilima kidogo na ushuke bila breki. Gia ikijirusha nje au ikisaga, hiyo transfa ina ugonjwa. Fanya yote haya ukiwa na muda maana kuna gari 4x4 yake haijaguswa miaka mingi na imeganda, muuzaji atakwambia "huwa inaingia tu leo ina baridi". Isipoingia mbele yako, mlipe bei ya gari ya magurudumu mawili.

Kuhusu zilizofanyiwa mambo, zilizoinuliwa, tairi kubwa, winchi, taa kila mahali, mi nazikwepa. Kuinuliwa inchi 2 kwa springi na shokabu nzuri sawa, kuinuliwa sana kwa vipande vya kuwekea springi kunazipa propela na CV pembe mbaya na zinakufa mapema. Mwenye gari ya hivo pia kaitumia, hakuifunga winchi kwa ajili ya harusi. Tafuta ya mzee aliyekuwa anaendea shamba tu.

Tairi zote ziwe saizi moja na ziwe zimeliwa karibu sawa, kwenye 4x4 ya muda wote tairi tofauti zinaua difu ya katikati. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, ikiwa kuukuu na ina nyufa hesabu kwamba unanunua tairi tano. Za AT, zile za barabara na udongo, zinatosha kabisa, MT, zile za tope zenye meno makubwa, zinapiga kelele kwenye lami na zinakula mafuta, na kwenye mchanga ukishusha upepo mpaka psi 18 hivi AT inapita vizuri tu, ila beba pampu ya kujazia kabla hujarudi barabarani.

Inua kapeti miguuni, ukikuta tope kavu au bolti za viti zina kutu, ilishazama. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na hapo hapo pesa isitoke kama hazifanani.

Ukishainunua, kabla ya kwenda popote badilisha oili zote, injini, gia boksi, transfa, difu mbili, na uangalie vile vimirija vya kupumulia vya difu kama vimeziba, maana difu ya moto ikiingia mtoni na kimirija kimeziba inavuta maji kupitia kwenye sili. Ukivipandisha juu kwa mpira mrefu mpaka ndani ya boneti, kazi ya saa moja tu. Safari ya kwanza nenda sehemu ya karibu na mwenzako mwenye gari na kamba ya kuvutia, ukirudi lala tena chini uangalie kipi kimelegea na kipi kinavuja.