Setilaiti Iliyokataa Kushuka: Kufundisha Obiti na Ukinzani wa Hewa

Juzi nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja na laptopu nne, tukijaribu kuteremsha setilaiti ndani ya kompyuta. Saa tatu nzima zilituishia kwenye hatua ya 3. Naandika ili zako zisiishie hapo.

Mfano wetu ni setilaiti 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi: kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilo moja na ushei, kilichoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Mei 2018, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi.

Hatua ya 1: kasi. Ubaoni, kwa chaki. v = √(μ/r), ambapo μ, nguvu ya mvutano wa Dunia, ni 398,600 km³/s², na r, umbali kutoka kitovu cha Dunia, ni kilomita 6,371 jumlisha 400. Wakipata kilomita 7.67 kwa sekunde na mzunguko wa dakika 92, songa mbele.

Hatua ya 2: programu. Python. Usiwape maktaba, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine, za kukokotoa obiti (njia ya setilaiti kuizunguka Dunia). Watabofya, mchoro mzuri utatokea, na hakuna atakayejua umetoka wapi.

Hatua ya 3: kusogeza setilaiti. Karibu kila mtu huanza hivi: chukua nafasi na kasi za sasa, zisogeze zote mbili kwa sekunde moja, rudia. Ukifanya hivyo, hata bila hewa, setilaiti hupanda karibu kilomita 100 kila mzunguko! Sisi tulikuwa tumeshaweka hewa, basi tukaanza kusaka alama ya kutoa iliyopotea. Tukageuza mwelekeo wa ukinzani. Binti mmoja akaandika fomula yote upya mara mbili. Kumbe hewa haikuwa na kosa. Mbinu yenyewe huongeza nishati kidogo kila hatua, na hicho kidogo ni maelfu ya mara ya kile ambacho hewa inapunguza.

Dawa ni mistari miwili kubadilishana zamu: sasisha kasi kwanza, halafu tumia kasi mpya kusogeza nafasi. Hata hivyo kimo kitayumba kama kilomita 4 juu na chini ndani ya mzunguko mmoja, kwa hiyo soma wastani wa mzunguko mzima. Usikimbilie kusogeza kwa sekunde 10 badala ya moja kwa kuwa laptopu ni ya polepole. Myumbo utakaribia kilomita 40. Na endesha siku nzima bila hewa kwanza, wastani utulie kabisa. Siku hizi siigusi densiti ya hewa kabla sijauona mchoro huo.

Hatua ya 4: hewa. Mchapuko = ½ρv²·CdA/m, kinyume na mwendo. ρ, densiti ya hewa, ni 3×10⁻¹² kg/m³; Cd, kipimo cha jinsi umbo linavyokinzana na hewa, ni 2.2; A ni eneo la upande mmoja wa kijisanduku, m ni kilo zake. Densiti ni ya mita za ujazo, kwa hiyo kilomita zote zigeuze ziwe mita. Utapata kama 0.0000016 m/s².

Hatua ya 5: umri. Miaka haihesabiwi sekunde kwa sekunde. Hapa nakubali Excel, mstari mmoja kwa siku. Mteremko wa siku = ρ·(CdA/m)·√(μr)·86,400, yaani kama mita 250 siku ya kwanza. Densiti izidishwe kwa 2.7 kila kilomita 60 za kushuka. Jedwali litasema miezi minane.

Sasa waambie kijisanduku halisi kilidumu hadi 2020, miaka miwili hivi. Nyamaza, wabishane. Watalaumu uzito, watalaumu Cd. Jibu liko kwenye Jua: mionzi yake ya urujuanimno ndiyo inayopasha joto na kuvimbisha hewa ya juu, na miaka ile lilikuwa likielekea kwenye utulivu wake wa Desemba 2019. Weka ρ ya 1×10⁻¹² uone jedwali linafika wapi.

Zoezi la nyumbani: Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za intaneti za Starlink, zikaachwa kimo cha chini, kilomita 210 hivi. Dhoruba ya Jua ikavimbisha hewa na takriban 40 zikapotea. Wapandishe densiti kwa asilimia 50 kwenye kimo hicho, wahesabu siku hadi zianguke.