Madoa usoni: soma namba nyuma ya losheni ya jua

Kama una madoa meusi mashavuni yanayofifia kisha yanarudi, acha losheni ya jua nyeupe, chukua yenye rangi ya ngozi. Mimi nimelijua hili juzi tu, baada ya kupaka ile nyeupe kila asubuhi kwa miaka miwili. Geuza chupa utafute CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ni oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Losheni ya kawaida huzuia miale tusiyoiona, lakini ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huamshwa hata na mwanga tunaouona, ikatengeneza rangi zaidi. Oksidi hizo ndizo zinazoukinga mwanga huo.

Paka ya kutosha: mistari miwili yenye urefu wa kidole, uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa juani. Tone la ukubwa wa punje ya dengu halifanyi kitu.

Losheni hii haifuti doa, inalizuia lisikolee ili dawa ya kufifisha, kama asidi ya azelaiki, ifanye kazi. Doa lililozama ndani au la ujauzito huchukua miezi. Doa linalokua, kubadilika umbo au kutoa damu, usilipake chochote, muone daktari wa ngozi. Na krimu za kujichubua zenye zebaki usiziguse kabisa jamani, zinaharibu figo.