Mrehani juu ya magae, lemna ndani ya pipa

Mie natunga vikuba vya harusi, vile vishada vya maua na majani yanayonukia, na kikuba kisicho mrehani ni cha nini? Asumini hapa Jambiani napata kwa majirani. Mrehani ndio ulionitesa: sisi wa uwandani ukichimba shubiri moja ushagonga jiwe, na maji ya kisima yana chumvi. Ndipo nikaingia kwenye akuaponiki. Samaki wanakunya, vijidudu vinageuza kinyesi kuwa chakula cha mimea, mimea inasafisha maji, maji yanarudi kwa samaki.

Nina tangi la lita 500 lenye perege 25. Pembeni yake, juu kidogo, kuna kitalu: sanduku la mbao la mita moja kwa mita moja, kina sentimita 30, ndani nimetandika nailoni nzito. Pampu ndogo ya kuzama, ya lita 1000 kwa saa, inapandisha maji robo saa, kisha inapumzika dakika 45. Swichi ya saa ndiyo inayoiwasha na kuizima. Katikati ya kitalu nimesimamisha bomba lenye matundu madogo chini. Pampu ikifanya kazi, maji yanajaa mpaka yamwagike kwa mdomo wa bomba, na mdomo huo uwe sentimita 5 chini ya uso wa kitalu, ili juu pabaki pakavu. Pampu ikizimika, maji yanavuja taratibu kwa yale matundu, na mizizi inapata hewa.

Sasa mawe, maana hapa ndipo nilipoharibu msimu mzima. Mara ya kwanza nilijaza kokoto za hapa hapa. Kokoto zetu ni matumbawe, chokaa tupu! Samaki walinenepa, lakini mrehani ukawa unatoa majani machanga ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nilipopima maji, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ilikuwa imepita 8, na kwa kiwango hicho mmea haupati madini ya chuma hata kama yamo majini. Unataka pH iwe kati ya 6 na 7. Kwa hiyo kabla hujabeba hata ndoo moja, chukua jiwe, limwagie siki. Likitoa povu, liache. Mie nilikusanya magae ya vyungu na matofali ya kuchoma, nikayaponda vipande vya ukubwa wa ukwaju uliomenywa, nikayaosha mpaka maji yakatoka meupe. Vaa viatu, magae yanakata.

Usitie samaki wote siku moja. Vile vijidudu vya kugeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitrati, ndiyo chakula cha mimea, huchukua wiki 4 hadi 6 kushika. Mie nilianza na perege watano na chakula kidogo sana. Maji ya mfereji yakae kwenye ndoo wazi siku mbili klorini itoke. Ya mvua ni bora zaidi.

Mrehani panda miche au vikonyo, na ukikata, kata juu kidogo ya majani mawili yanayoelekeana, utachipua matawi mawili. Nanaa usiipande huru hata siku moja, mizizi yake itaingia kwenye bomba. Itie katika kopo lililotobolewa. Kotmiri haipendi kuhamishwa. Mbegu zipasue mbili, zinyunyize pale pale, na uitilie kivuli, la sivyo joto litaitoa maua kabla hujapikia hata mchuzi mmoja.

Lemna ni kile kijani kidogo, majani kama punje za mtama, kinachoelea kwenye maji yaliyotulia. Mama yangu akikiita ukoga, lakini ukoga ni ule unaoteleza kwenye mawe. Kikipata samadi na jua, huongezeka maradufu kwa siku mbili tatu, na kikikauka kina protini nyingi. Nilikitia ndani ya tangi la samaki nikidhani nimerahisisha kazi ya kuwalisha. Perege walikila chote kwa siku moja, isipokuwa kilichonyonywa na pampu, kikaiziba, na alfajiri nikakuta perege wanne wanaelea. Kipe mahali pake. Langu ni pipa la buluu la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, maji yasiyosukumwa na kitu, nusu kivulini kwa sababu jua la saa saba linakichemsha. Kila wiki nateka ndoo mbili za maji ya chini ya tangi, yale yenye uchafu, namwagia. Lemna inapenda amonia yenyewe, haingoji igeuzwe.

Mbegu yake, yaani lemna ya kuanzia, usiitoe mtaroni, maana lemna hunyonya hata sumu za metali zilizomo majini. Itoe kwenye bwawa safi, kwa glavu, kisha ikae wiki nzima katika ndoo peke yake huku ukitoa kila konokono na mayai yake. Konokono ndio wanaobeba kichocho, na kichocho kwetu Unguja na Pemba hakihitaji kusimuliwa.

Vuna kila baada ya siku mbili, nusu tu. Kinachobaki kifunike uso wote wa maji kwa tabaka moja. Ukiacha wazi, ukoga wa kweli utatawala. Wape samaki kiganja kimoja asubuhi, na jioni chakula cha dukani, kwani lemna peke yake haiwatoshi. Mie naikusanya kwa kifumbu cha kuchujia tui, ndicho kinachoiteka bila kupoteza. Kifumbu hicho nimekifunga kitambaa chekundu, mkwe wangu asije akakichujia nazi ya wali.