Jinsi ya kumkinga mgonjwa wa kitandani na vidonda vya kulalia

Bibi alipopata kiharusi tulimuuguza nyumbani hapa Ujiji, uji anapewa, nguo zinafuliwa, siku moja namwogesha naona juu ya kifandugu pamekuwa peusi kuliko ngozi yake, ukigusa pana joto na pagumu kidogo. Hapo ndo kidonda kinaanza. Ngozi haijachubuka ila ndani pameshaumia, na sisi wenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, unaweza usiuone kabisa.

Yaani mfupa unaibana nyama kwenye godoro, damu haipiti, nyama inaanza kufa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kumgeuza, kila masaa mawili, usiku pia, pangeni zamu. Ukimlaza ubavu asilalie nyonga moja kwa moja, mwegemeze kwenye mto uliowekwa mgongoni. Visigino visiguse godoro, weka mto chini ya vigimbi. Usimburute, muinueni wawili kwa shuka, na akijikojolea msafishe mapema. Pale palipobadilika rangi jamani msipakande wala kusugua, mnazidi kuua nyama, na ile kata ya kanga, yaani kanga iliyosokotwa duara, ya kumkalishia acheni, inabana damu pembeni.

Cha kifandugu kiliisha kwa kumgeuza tu. Cha kisigino tulichelewa, alikuwa na soksi hatukumvua kuangalia.

Kikishafunguka osha kwa maji ya dripu ya chumvi, au maji yaliyochemka yakapoa, spiriti hapana, majivu hapana, mawese hapana. Wengi wanasema kiachwe wazi kikauke, sio kweli, ngozi mpya inaota vizuri kwenye unyevu kidogo, kwa hiyo kifunikwe. Kila ukifungua angalia rangi: nyekundu yenye vipunjepunje ni nyama mpya, njano ni utando wa mabaki ya nyama iliyokufa, nyeusi ni nyama iliyokufa na hiyo usiibandue mwenyewe hasa kisiginoni, muite nesi. Harufu mbaya, usaha, homa au mfupa kuonekana, hospitali siku hiyo hiyo.

Na mlisheni, nyama haijengwi na uji mtupu, saga dagaa uchanganye humo, maharage, mayai.

Kupona kunaweza kuchukua miezi, na hata kikifunga kovu haliwi imara kama ngozi ya mwanzo, linafika kama asilimia 80 tu. Kisigino cha bibi kimefunga, ila mto wa vigimbini haujatoka mpaka leo.