Namna ya Kuweka Mgawo wa Kijinsia Kazini Usiwe Pambo

Mgawo wa kijinsia ni asilimia ya nafasi inayotengewa kila jinsia. Kabla ya kutangaza asilimia yoyote, hesabu wanawake na wanaume katika kila ngazi ya mamlaka, kwani jumla ya wafanyakazi huficha mengi: ofisi inaweza kuwa nusu kwa nusu, ilhali wanaoidhinisha bajeti ni wanaume watupu. Kisha weka kiwango, tarehe ya mwisho na adhabu. Sheria ya Norwei ya mwaka 2003, iliyotaka kila jinsia ipate takribani asilimia 40 ya viti katika bodi za kampuni za hisa za umma, ilikuwa na meno kwa sababu kampuni iliyokaidi ingeweza kuvunjwa.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye usaili. Andika vigezo na alama zake kabla ya kufungua maombi, waulize wote maswali yaleyale, na ufute lile la “Una mpango wa kupata watoto?”, ambalo, ajabu, wanaume hawaulizwi. Wakibaki wawili wenye sifa zinazolingana, hapo ndipo mgawo uamue: achukuliwe wa jinsia iliyo pungufu.

Mishahara nayo ikaguliwe kwa thamani ya kazi, si kwa jina la cheo, kama unavyoelekeza Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951.